Shajara ya mradi: mche wa barafu wa Antaktika kwenye kibaraza cha shule, Dodoma

Agosti

Mradi umepata kibali cha mkuu wa shule na tumeanza. Klabu yetu ya sayansi, hapa nje kidogo ya mji wa Dodoma, itatengeneza kamba moja ndefu ya kuwakilisha mche wa barafu, yaani nguzo ndefu nyembamba ya barafu, uliochorongwa mahali paitwapo Dome C, ndani ya Antaktika, bara la ncha ya kusini, kati ya mwaka 1996 na 2004. Uchorongaji ule ulifika kina cha mita 3,260 hivi, na barafu iliyotolewa ina hewa ya miaka 800,000. Kipimo chetu ni sentimita moja ya kamba kwa kila mita ya barafu, kwa hiyo kamba itakuwa na mita 32 na ushee. Kibaraza cha madarasa ya kidato cha kwanza na cha pili kinatosha. Tumekipima kwa futikamba.

Nafundisha kemia. Kila nikifika kwenye mada ya hewa na uchafuzi wake, wanafunzi huniuliza swali moja, na ni swali la haki: hewa haionekani, sasa nani alikuwepo kuipima zamani? Kitabu cha kiada kinasema hewa ukaa (kaboni dioksidi) imeongezeka tangu viwanda vianze, kisha kinahamia mada nyingine. Vipimo vya moja kwa moja visivyokatika vilianza mwaka 1958 tu, mwanasayansi Mmarekani Charles David Keeling alipofunga mtambo wake Mauna Loa, Hawaii. Yote ya kabla ya hapo tunayajua kwa njia nyingine, na njia kubwa kuliko zote ni barafu ya ncha za dunia. Nataka vijana waione njia hiyo kwa urefu wake, wapite mbele yake kila asubuhi wakienda darasani. Zaidi ya hapo nataka wajue inavyofanya kazi, maana mtu anayejua tu kwamba “wanasayansi wamegundua” hana cha kujibu akibishiwa.

Kamba ni ya katani, tumeipata soko la Sabasaba. Vitambaa vya alama ni mabaki ya fundi cherehani.

Septemba

Kuweka alama kumekuwa somo lenyewe. Vijana walitaka kugawa sawasawa: miaka 800,000 kwa mita 32, basi kila mita ya kamba ipewe miaka 25,000. Sikuwakataza. Niliwapa jedwali la kina na umri, wakaanza kufunga vitambaa. Miaka 11,000 ya karibuni, yaani karibu muda wote ambao binadamu amelima na kujenga miji, ikachukua zaidi ya mita tatu za kamba. Kadiri walivyosogea mbele vitambaa vikaanza kukaribiana, na miaka 400,000 ya kale kabisa, nusu nzima ya habari yote, ikajibana kwenye mita tano na kitu za mwisho.

“Mwalimu, huku mwisho miaka imesongamana,” akasema kijana wa kidato cha tatu, akapima tena.

Imesongamana kweli. Barafu nene kiasi kile haitulii. Hulemewa na uzito wake, ikatambaa polepole kuelekea pembeni, na kila tabaka huzidi kuwa jembamba kadiri linavyozikwa. Tabaka la mwaka mmoja ambalo juu lilikuwa na sentimita kadhaa, kule chini hubaki na milimita moja hivi. Karibu kabisa na mwamba tabaka zimevurugika kiasi kwamba hazisomeki kwa mpangilio; kipande hicho cha kamba tumekiacha bila kitambaa.

Kisha likaja swali la kwa nini waende kuchoronga mahali pa mbali vile, ambapo hakuna hata pengwini. Hapa nilipata mfano ambao Dodoma nzima inauelewa. Sisi tunapata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na tunajiita watu wa nchi kame. Dome C, theluji yote ya mwaka mzima ukiiyeyusha, unapata maji ya milimita 25 hadi 30. Darasa lilinyamaza kidogo, halafu mmoja akauliza, “Kwa hiyo ni jangwa?” Ni jangwa, tena kavu kuliko Bahi mara ishirini. Na ukame huo ndio faida yake: kinachoanguka ni kidogo, kwa hiyo unene wa kilomita tatu unabeba miaka mingi mno. Upande wa pwani ya Antaktika kuna Law Dome, ambako theluji ni nyingi. Kule hupati miaka laki nane, lakini miaka elfu mbili ya karibuni unaisoma kwa undani ambao Dome C haiwezi. Mchorongaji huchagua mahali kwa kufuata swali alilonalo.

Oktoba

Wiki hizi zote tumekaa kwenye jambo moja: hewa inaingiaje ndani ya barafu? Nimelipa muda mrefu kwa sababu ndipo wengi wanapokosea, hata walimu.

Theluji inapoanguka ni fuwele nyepesi zenye nafasi nyingi katikati, na nafasi hizo zimejaa hewa ya siku ile. Theluji ya mwaka unaofuata huilalia, na ya mwaka mwingine tena. Kwa makumi ya mita kwenda chini ile si barafu bado, ni theluji iliyoshindiliwa, na chembe zake zimekaa kama mchanga wa korongo wakati wa kiangazi, ule ambao kina mama huchimba kisima na maji yakaja yenyewe kwa kupita kati ya chembe. Hewa nayo hupita vivyo hivyo. Hupanda, hushuka, hubadilishana na hewa ya juu. Ni mpaka kufika kina cha mita 50 hadi 120, kutegemea mahali, ndipo uzito wa juu unapoziba njia zote na kila tone la hewa kubaki peke yake ndani ya kiputo. Dome C ni kwenye mita 100 hivi.

Tokeo lake ni hili, na nimewaandikisha kwa wino mwekundu: hewa iliyo ndani ya kiputo ni changa kuliko barafu inayoizunguka. Mahali pakavu kama Dome C tofauti hiyo ni ya maelfu ya miaka. Law Dome, ambako theluji hujaa haraka, ni makumi ya miaka tu. Kwa hiyo kwenye kamba yetu kila kituo kitakuwa na vitambaa viwili, cheupe kwa umri wa barafu na cha bluu kwa umri wa hewa.

Kuhusu mtu wa kwanza kuona maana ya viputo hivyo, vijana wamekipenda kisa cha Claude Lorius, Mfaransa. Mwaka 1965 akiwa Antaktika, pwani ya Terre Adélie, jioni moja yeye na wenzake walitia vipande vya barafu ya kale ndani ya wiski. Barafu ikawa inapasuka na kutoa mapovu, na Lorius akawaza kwamba kile kinachotoka ni hewa ya zamani, iliyobanwa kwa nguvu, na huenda ikapimika. Ilichukua miaka mingi ya kazi kabla wazo lile halijawa kipimo. Mwaka 1999 mche wa Vostok, kituo cha Warusi, ulichapishwa ukiwa na miaka 420,000. Miaka michache baadaye ukaja huu wa Dome C.

Jirani wa shule anauza barafu za ubuyu na ukwaju na ana friza. Nikamwomba nafasi. “Weka tu, Mwalimu, hapo pembeni ya ubuyu, ila waambie wanao wasinifungulie mlango kila saa.” Tuligandisha maji ya bomba kwenye vikopo, na mengine tuliyoyachemsha kwanza. Barafu ya maji ya bomba ilitoka nyeupe katikati, imejaa viputo virefu kama sindano vinavyoelekea kitovu cha kikopo. Ile ya maji yaliyochemshwa ilikuwa angavu zaidi. Vijana wakashangilia wakidhani wametengeneza Antaktika. Ikabidi niwatulize. Viputo vya friza ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji, maji yakaganda yakaifukuza mpaka ikakosa pa kwenda. Hewa ya namna hiyo imechujwa na maji: hewa ukaa huyeyuka kwa wingi kuliko naitrojeni na oksijeni, kwa hiyo uwiano wake unakuwa umeharibika. Hewa ya Antaktika haikupita kwenye maji hata kidogo, kwa sababu kule theluji haiyeyuki. Ndiyo maana pia watu wa maabara, wakitaka kupima hewa ukaa, hawaiyeyushi barafu. Huisaga ikiwa kavu ndani ya chombo kisicho na hewa, kisha hukusanya kinachotoka.

Novemba

Hii ndiyo wiki niliyoifurahia kuliko zote, kwa sababu udongo wetu wenyewe ulituletea jibu.

Swali lilikuwa hili: Greenland, kisiwa cha barafu cha kaskazini, kuna mashimo mazuri, karibu na watu, kwa nini hewa ukaa ya kale inasomwa Antaktika tu? Uchorongaji wa Camp Century ulifika mwamba mwaka 1966. Katikati ya Greenland, ule wa mradi wa GRIP ulifika mita 3,029 mwaka 1992 na wa mradi wa GISP2 mita 3,053 mwaka 1993. Kwa halijoto, kwa salfa ya volkano, kwa risasi (ile metali), Greenland imetufundisha mengi mno. Lakini hewa ukaa ya viputo vyake, katika sehemu nyingi za mche, inatoka juu kuliko ya Antaktika ya umri uleule, na inarukaruka. Haiwezekani. Hewa ukaa hukaa angani muda mrefu, huchanganyika dunia nzima kwa mwaka mmoja au miwili, haiwezi kuwa nyingi upande mmoja na kidogo upande mwingine kwa karne nzima.

Sikuwapa jibu. Niliwaambia wanaokaa upande wa Bahi walete vile vijiwe vyeupe vinavyookotwa mbugani, vya chokaa. Tukavisaga kidogo, tukaweka kwenye kisahani, binti mmoja akakamulia limao. Unga ukachemka. Mapovu madogo, mengi, yenye sauti ukisogeza sikio. Tukaelekeza gesi ile kwenye maji ya chokaa, yakageuka meupe kama maziwa. Ni hewa ukaa hiyo, bila moto wala pumzi ya mtu.

Sasa iweke Greenland. Upepo ulipeleka huko vumbi la majangwa ya Asia, na vumbi hilo lina chokaa. Tabaka zile zile zina tindikali, kutoka volkano na vyanzo vingine. Chokaa na tindikali vikikutana ndani ya barafu, hata kwa kiasi kidogo sana na kwa miaka mingi, hutengeneza hewa ukaa mpya ambayo haikuwahi kuwa angani. Antaktika vumbi lake la enzi za barafu lilitoka zaidi Patagonia, kusini mwa Amerika Kusini, chokaa ni haba, na jumla ya vumbi ni ndogo mno. Barafu yake imetunza hewa bila kuiongezea kitu.

Kijana aliyekuwa akipinga mradi tangu Agosti, anayesema barafu haiwezi “kukumbuka”, ndiye aliyeuliza swali bora kuliko yote: “Kwa hiyo walijuaje kuwa Greenland ndiyo inayodanganya na siyo Antaktika?” Walijua kwa kulinganisha mashimo mengi ya Antaktika, yenye theluji nyingi na haba, yenye chumvi nyingi na haba, na yote yakakubaliana. Kisa kikubwa zaidi cha uthibitisho nitakieleza chini, mwezi Machi.

Desemba na Januari

Mvua zimeanza. Tumeweka chupa zenye faneli uwanjani, juu ya kigingi, mbali na jiko la shule na mbali na barabara ya vumbi. Hii ni sehemu ya pili ya mradi, kukusanya mvua ya Dodoma kama theluji inavyokusanya anga ya kule. Nimewaambia kuwa kazi kubwa imewahi kuanza na kifaa cha namna hii. Mwezi Juni 1952, Willi Dansgaard, mwanasayansi wa Denmark, aliweka chupa ya bia yenye faneli kwenye bustani ya nyumba yake Copenhagen, akakusanya mvua na kupima oksijeni nzito na nyepesi ndani yake. Aliona uwiano ukibadilika kadiri mawingu yalivyobadilika, na baadaye ikathibitika kwamba pakiwa baridi, maji mazito hupungua. Hapo ndipo ilipozaliwa namna ya kusoma joto la kale ndani ya maji yenyewe ya barafu. Maabara ya kupima isotopu, yaani hizo oksijeni nzito na nyepesi, hatuna. Karatasi za pH, za kupimia tindikali, tunazo.

Kusafisha chupa kumechukua muda mwingi kuliko kupima. Tunasuuza kwa maji ya betri, yale ya sheli, yasiyo na chumvi wala tindikali. Wengine walishangaa kwamba maji ya kunywa ya dukani hayafai kwa sababu yana madini yake. Hapa nikawasomea habari za Clair Patterson, mwanakemia wa Marekani. Alikuwa anatafuta umri wa dunia kwa kutumia risasi, akaupata mwaka 1956, miaka bilioni 4.55. Lakini katika kazi ile aligundua kwamba risasi imejaa kila mahali, mezani, kwenye vumbi, kwenye nywele za mpimaji. Akajenga maabara safi kuliko zote za wakati wake, kisha akaenda kwenye theluji ya Greenland. Matokeo aliyoyatoa na wenzake mwaka 1969 yalionyesha risasi imeongezeka mara 200 hivi tangu karne kadhaa kabla ya Kristo, na mpando mkali zaidi ulikuwa wa enzi ya petroli yenye risasi. Nchi zilipoanza kuiondoa risasi kwenye petroli, theluji ya Greenland nayo ikaonyesha. Kati ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwishoni mwa miaka ya 1980 risasi ilishuka mara saba hivi. Kusini mwa Sahara, nasi tukiwemo, tuliachana na petroli hiyo kufikia Januari 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, mwaka 2021. Nilitaka vijana waone jambo hili vizuri. Theluji ilionyesha madhara, na sheria zilipobadilika ikaonyesha nafuu.

Mvua yetu ya kwanza ilikuwa na rangi ya chai ya rangi chini ya chupa, vumbi la miezi saba limeoshwa kutoka angani. Karatasi ilionyesha karibu na 7. Mvua safi, yenye hewa ukaa tu ndani yake, huwa kwenye 5.6 hivi, yaani tindikali kidogo. Za kwetu zilizofuata, hewa ikiwa imeshasafishwa, zilishuka kuelekea 6. Binti wa limao ndiye aliyeeleza kabla sijafungua mdomo. Chokaa ya vumbi imekula tindikali.

Ndipo likaulizwa swali la mkaa. Je, moshi wa majiko yetu umo Antaktika? Nimelijibu kwa kugawa. Hewa ukaa yake imo, kwa sababu hukaa angani na kusambaa dunia nzima kabla njia za theluji hazijaziba. Masizi yake karibu yote hayafiki; huanguka kwa siku chache au wiki, yakioshwa na mvua kama vumbi letu. Kwa hiyo kiputo kimoja cha Antaktika kinazungumzia dunia yote, lakini chembe ya vumbi iliyo ubavuni mwake inazungumzia upepo uliovuka bahari ile ya kusini tu.

Februari

Umeme ulikatika usiku kucha na vikopo vyetu vya tabaka za rangi, vya majivu, chumvi na vumbi, vikayeyuka vyote kwenye friza la jirani. Barafu zake za ubuyu pia, na hilo liliniuma zaidi, klabu imemchangia. Yamewapata hata wakubwa: mwaka 2017 hitilafu ya mitambo ya baridi katika Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, iliyeyusha karibu asilimia 13 ya mkusanyo wao wa miche ya barafu kutoka kaskazini ya mbali. Vikopo vya kwetu vinagandishwa upya.

Machi

Tumefika kwenye sehemu ya shaka, nami nimeipa nafasi sawasawa na sehemu ya uhakika.

Si kila kitu kinachoanguka na theluji hubaki. Salfeti ya volkano hubaki ilipoangukia. Chumvi ya bahari hubaki. Lakini naitreti, chumvi yenye naitrojeni, huondoka. Miale ya jua ikipiga theluji ya juu, naitreti huvunjika na kurudi angani ikiwa gesi za oksaidi za naitrojeni. Vipimo vya mwishoni mwa miaka ya 1990 huko Greenland na Ncha ya Kusini vilionyesha kwamba theluji yenyewe inatoa gesi hizo kiasi cha kubadilisha hewa iliyo juu yake. Mahali pakavu kama Dome C, ambako theluji hukaa juani muda mrefu kabla ya kufunikwa, sehemu kubwa ya naitreti hupotea. Kwa hiyo anayesoma naitreti ya Dome C bila kujua hili atadhani hewa ya kale ilikuwa safi kuliko ilivyokuwa. Kitambaa cha naitreti tumekishona kwa nyuzi zilizoachana, ili mpitaji aulize.

Na kuna hili la Tambora, ambalo mimi mwenyewe hulirudia kila nikiona kamba. Mlima ule wa Indonesia ulilipuka Aprili 1815, na salfeti yake iko Greenland na iko Antaktika; ukiiona pande zote mbili unajua volkano ilikuwa ya tropiki na unapata tarehe ya kufungia mahesabu. Mlipuko wa mlima Samalas wa kisiwa cha Lombok, Indonesia hiyohiyo, mwaka 1257, ulijulikana kwanza kwa alama yake kwenye barafu, na mlima wenyewe ukatambuliwa mwaka 2013 tu. Sasa tazama: pale Dome C, tabaka la Tambora bado limo ndani ya theluji ambayo haijaziba. Salfeti ni ya 1815, imetulia mahali pake. Hewa inayopita kati ya chembe zile zile ni ya juzi. Vitu viwili, sentimita moja ya kamba, na umri wao unapishana karne mbili hivi. Anayetaka kutumia barafu lazima aulize kila kitu kwa njia yake.

Sasa uthibitisho niliouahidi. Law Dome ina theluji nyingi hivi kwamba viputo vyake vina hewa ya hadi miaka ya 1970, ilhali Ncha ya Kusini hewa ilikuwa ikipimwa moja kwa moja tangu miaka ya 1950. Kuna miaka ambayo barafu na mtambo vyote viwili vilikuwepo. Matokeo ya Law Dome yaliyochapishwa mwaka 1996 yalionyesha namba za viputo zinaungana na namba za mtambo, mstari mmoja. Nilichora ubaoni mistari yote miwili kwa chaki tofauti. Yule kijana mpinzani alikuja mbele, akaweka rula, akaangalia, akarudi kukaa. Kisha akaomba yeye ndiye afunge vitambaa vya bluu.

Vitambaa hivyo vinasema hivi: kwa miaka 800,000 hewa ukaa ilipanda na kushuka kati ya sehemu 172 na 300 katika kila milioni, ikiwa chini enzi za barafu na juu enzi za joto. Kabla tu ya viwanda ilikuwa 280 hivi. Keeling alianzia kwenye 315. Leo tumeshapita 420. Methani, kwa miaka hiyo yote, haikuwahi kufika sehemu 800 kwa kila bilioni, na sasa iko juu ya 1,900. Mwezi Januari 2025, karibu na Dome C, mradi wa nchi za Ulaya umechoronga mita 2,800 hadi mwambani na kupata barafu ya miaka milioni 1.2 au zaidi. Ikisomwa, kamba yetu itahitaji kuunganishwa.

Aprili

Wazazi waliokuja kwenye kikao waliuliza kuhusu Kilimanjaro, na walikuwa na haki. Mwaka 2000 Lonnie Thompson, mtafiti wa barafu kutoka Marekani, na timu yake walichoronga miche sita pale juu, mrefu kuliko yote ukiwa na mita 50 hivi. Matokeo ya 2002 yaliikadiria barafu ya kale zaidi kuwa na miaka 11,700 hivi, ingawa umri huo umebishaniwa na wengine. Iko floridi ya vumbi la maziwa yaliyokauka, na liko tabaka la vumbi linaloonekana kwa macho, la ukame mkali wa miaka 4,000 iliyopita. Hizo ni habari za hewa ya Afrika Mashariki yenyewe, siyo za Patagonia. Hewa ya viputo vyake si ya kutegemewa kama ya Antaktika, kwa sababu mahali ambapo theluji huyeyuka na kuganda tena maji huingilia. Kati ya 1912 na 2000 eneo la barafu ile lilipungua kwa asilimia 80 hivi. Tumeongeza kamba fupi ya sentimita 50 chini ya ile ndefu, kwa kipimo kilekile, ikiwa na kitambaa chake cha vumbi.

Kamba ndefu imepigwa misumari ila inalegea katikati, fundi ataongeza vishikizo. Maelezo ya vitambaa vya vumbi la Patagonia bado hayajaandikwa. Chupa za mvua ya mwisho ziko kabatini, zimefungwa na kuandikwa tarehe.

Msimu ujao tungependa shule za Kondoa, Mpwapwa na Manyoni ziweke chupa zao, tulinganishe. Utaratibu: chupa ya plastiki na faneli, visuuzwe kwa maji ya betri, kigingi cha mita moja na nusu, mbali na jiko, mti na barabara, funika kiangazi, fungua mawingu yakijikusanya, pima pH siku hiyohiyo, na usiache kuandika kama kulikuwa na upepo wa vumbi kabla ya mvua.